Kwa Umejuaje Wetu, Aliyefuata Habari Hadi Mlangoni

Mwaka umetimia leo, binti yetu, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumanne, dirisha likiwa wazi kama ulivyoomba. Nyumba hii imezoea mengi, ila bado haijazoea kukaa bila kuulizwa maswali.

Tulikuita Umejuaje tangu una miaka sita. Mtu akiingia na habari, hata hajaketi, wewe umeshamkodolea macho: "Umejuaje?" Shangazi yako alikuwa akisema, "Huyu mtoto ataolewa na polisi." Hukuolewa na polisi. Ulikwenda kukaa ghorofa ya tatu ya ofisi ya serikali, chumba chenye meza nne na feni inayolia, ukisoma magazeti, ukisikiliza redio za huku na za jirani, ukitazama picha ambazo watu wanaziweka wenyewe mtandaoni. Kazi ya usalama, tukaambiwa. Mjomba wako akasogeza kiti, akakunong'oneza, "Kwa hiyo wewe ni jasusi?" Ulicheka mpaka chai ikakupalia. "Mjomba, mimi sichungulii tundu la funguo la mtu. Nasoma kilichobandikwa ukutani, ila nakisoma vizuri."

Huko kusoma vizuri ndiko tunakojivunia. Ulipoanza kazi pale, mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa na ripoti. Wewe ukachora karatasi ya safu tatu: Tunajua, Tunadhani, Hatujui. Kila habari ukaipa kadi yake: nani aliona kwa macho yake, lini, na nani aliipokea kwa nani. Chini kabisa uliandika, "Nini kitanionyesha kwamba nimekosea?" Mwenzako wa meza ya pili, yule uliyemwita Mzee wa Haraka, akakuuliza, "Dada, hii ni ripoti au fomu ya kuomba pasipoti?" Hukukasirika. Ulimjazia kadi yake ya kwanza, ukamwachia mezani.

Na mambo hayo hukuyaokota mbali. Ulikuwa na miaka tisa, bibi yako alipomwambia jirani kwamba bomba la mtaa huenda likafungwa wiki nzima. Huenda. Jirani akamwambia muuza mkaa, muuza mkaa akamwambia kinyozi, na saa kumi kinyozi akaja mbio kumwambia bibi yako, "Bomba linafungwa!" Bibi yako akapiga paja: "Mnaona? Si nilisema!" Akajaza ndoo kumi na nne, masufuria yote, hata beseni la kuogea. Bomba halikufungwa hata dakika moja. Wewe ukasimama katikati ya ndoo, mikono kiunoni: "Bibi, hiyo ilikuwa sauti yako mwenyewe, imezunguka mtaa ikarudi nyumbani." Tuliyaoga maji yale siku nne, na kila aliyeingia bafuni alitoka anacheka.

Lakini ukubwani yakakukuta na wewe. Hukutuambia. Alituambia Mkuu wako wa kazi, yule mrefu mwenye miwani ya kamba, alipokuja kutupa pole. Alisema hakuna siri ndani yake, maana kila ulichotumia kilikuwa hadharani.

Miaka minne kabla hujaondoka, uliandika kwamba ghala moja kuukuu kando ya mto huenda linaficha silaha. Ulikuwa na shahidi mmoja tu, dereva aliyeandika mtandaoni kwamba ameona masanduku yakiingizwa. Siku tisa baadaye gazeti likaandika hivyo hivyo. Halafu redio ya nchi jirani ikatangaza. Ukaongeza kadi mbili, ukaihamisha habari kutoka Tunadhani kwenda Tunajua, ukaipeleka juu. Askari wakapangwa kuingia Jumatatu, kwa nguvu.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu ulikuja kula nyumbani, una picha ya ghala lile uliyoikata gazetini. Hukusema ni ya nini. Ulisema tu, "Bibi, hebu nitazamie." Bibi yako akavaa miwani, akatazama taratibu kama anachambua mchele.

"Kwenye kamba hii kumeanikwa nini?"

"Nguo, bibi."

"Si nguo, ni nepi. Hapa watu wanaishi. Ghala la nini hili?"

"Wanasema la bunduki."

"Nani anafua nepi kwenye ghala la bunduki?"

Ukaishika picha ile, ukaitazama tena. Kisha ukasema, "Nepi zinasema kuna mtoto, bibi. Hazisemi hakuna bunduki." Bibi yako alinuna kidogo, tuseme ukweli. Lakini wewe uliacha sahani ikiwa imejaa, ukachukua mkoba, ukatoka.

Yaliyofuata ndiyo aliyotusimulia Mkuu. Ulimpigia simu mwandishi wa lile gazeti, ukamuuliza swali lako lile lile. Akababaika, akakiri: mtu wa ofisini kwenu alimdokezea ripoti yako. Ukauliza redio. Redio ilikuwa imesoma gazeti. Kadi tatu, sauti moja, na sauti yenyewe ni yako. Hata lile neno "huenda" lilikuwa limeangukia njiani.

Ukaingia kwa Mkuu na kadi mkononi. "Mkuu, mashahidi wangu watatu ni mmoja. Gazeti lilinisoma mimi, redio ikalisoma gazeti, na mimi nikajisoma nikajiamini."

Mzee wa Haraka, aliyekuwa pale, akakuvuta shati. "Nyamaza, dada! Waache waende wakaangalie wenyewe. Ukisema sasa, umejifukuza kazi."

"Wakienda kuangalia na bunduki, wenye nepi watakimbilia wapi? Mtoni?"

Mkuu akauliza, "Una uhakika hakuna silaha?"

"Sina. Nina uhakika kwamba sijui. Nipe mpaka kesho jioni."

Akakupa. Ukaanza upya, safari hii kila shahidi ukimfuata hadi kwake. Ukampata fundi simu aliyejipiga picha akitangaza biashara yake kwa wakazi wa mle, mbele ya ghala. Ukapata orodha ya waliokimbia mafuriko na kuhifadhiwa humo, ambayo shirika la misaada liliibandika kwenye tovuti yake. Ukapata picha ya kutoka angani, ile inayouzwa kwa yeyote, ikionyesha vyoo vipya sita nyuma ya ghala. Mashahidi watatu wasiojuana, hakuna aliyemsoma mwenzake. Jumatatu hawakwenda askari. Alikwenda ofisa na daftari, pamoja na muuguzi. Kulikuwa na familia arobaini na moja mle ndani. Masanduku yalikuwa ya mablanketi. Yule dereva hakudanganya, masanduku aliyaona kweli. Silaha ndizo ambazo hakuziona.

Ulipewa barua ya onyo, ukaisaini. Kisha ukaandika kosa lako kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa wafanyakazi wapya, na jina lako juu yake. Mkuu alitusomea mstari wa mwisho, akavua miwani: "Fuata habari hadi mlangoni ilikozaliwa. Ukikuta mlango ni wako, sema." Wageni wote wa chumba kile wanaanzia hapo mpaka leo. Mzee wa Haraka ndiye anayewafundisha.

Hata hospitalini hukubadilika. Daktari alikuambia unaendelea vizuri. "Umejuaje, daktari?" Akakuonyesha karatasi yake. Ukaisoma yote, ukamrudishia kwa upole: "Hapa umeandika unadhani." Akaketi pembeni ya kitanda chako, akazungumza nawe kama mwenzake wa kazi.

Tulipokaa kuandika haya, mdogo wako alisema ulitembea una miezi tisa. Bibi yako akamuuliza, "Umejuaje?" Akajibu, "Si wewe uliniambia?" Basi ikaenda Tunadhani. Ndipo kila mmoja akapewa karatasi, akae peke yake, aandike jambo moja aliloliona kwa macho yake.

Mama yako, fundi cherehani, alikuona ukifumua mshono wako mara tatu, wakati yeye ameshasema umenyooka. Baba yako, dereva wa lori, alikuona umesimama getini kila aliporudi safari, hata ulipokuwa mtu mzima na kazi zako. Shangazi alikuona ukimfunika mgonjwa wa kitanda cha pili kwa sweta yako. Mjomba alikuona ukimwomba radhi mtoto wake wa miaka mitano, kwa sababu mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Mdogo wako, fundi umeme, alikuona pale mlangoni Jumamosi ile ukigeuka nyuma mara mbili, na akaona umetoka hivyo hivyo.

Hawakuambizana. Ni karatasi tano, macho mbalimbali, na zote zinatupeleka kwako. Bibi yako ameziweka upande wa Tunajua, kwa mkono wake. Na kwamba hutasahaulika katika nyumba hii siku zote, hilo nalo ameliandika huko huko.