Nguo Kavu za Mzee Mabula

Pasiansi, Jumanne

Bado naona haya. Leo kituo cha polisi mpelelezi aliniamkia, "Shikamoo babu," akanipisha kiti chake. Fomu ya kifo cha jirani yangu Mabula, niliyemkuta amekufa ufukweni juzi, alikwisha kuijaza: alikufa maji. Daktari alikuwa hajamwona.

Niliomba radhi, nikasema marehemu alikuwa na jeraha kisogoni, na nguo zake zilikuwa kavu.

"Jua la hapa linakausha upesi, babu."

"Nilimkuta alfajiri, mwanangu. Samahani."

Akaweka kalamu chini kwa upole. "Basi ni mauaji. Nani alimkuta?"

"Mimi."

"Nani mwingine anasema ameuawa?"

"Hakuna."

"Unaona, babu, mtuhumiwa tunaye mmoja tu. Tukiandika maji, unarudi nyumbani kunywa chai."

Nikatia sahihi. Aliusifu mwandiko wangu, nami nikamwomba radhi kwa kumpotezea muda.

Kesho mazikoni nitasoma wasifu wa marehemu. Mjane wake ameuandika wote isipokuwa mstari wa sababu ya kifo. "Hapo ujaze wewe, shemeji," aliniambia, "maana wewe ndiye uliyemkuta."

Mpaka sasa mstari huo uko wazi.