Ganda la Ndizi Kwenye Picha ya Baba

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Picha iliyo hapa mezani msiiguse hata kwa ncha ya kidole. Rangi ya mafuta bado mbichi.

Baba yenu ameichora asubuhi hii kwa mkao mmoja, bila kuinuka. Nami kwa haraka zangu nikachukua ndizi kwenye bakuli la maembe nikala, kumbe ndiyo anayoichora! Nikangoja kufokewa. Wapi! Aliomba ganda tu, akaliweka palepale, akaifuta kwa kitambaa ile ndizi aliyokwisha kuichora, akachora ganda.

~~Mwambieni anisamehe.~~ Mwambieni ganda hilo limeyashinda kwa uzuri maembe yote pichani. Nimelitazama mpaka nimechelewa kazini. Mwenyewe naona haya kumwambia.

Mama yenu, mla ndizi