Pipi ya Getini

Jumamosi, 7 Machi
Siamini macho yangu! Baba watoto — mtu anayeomba radhi hata akijikwaa kwenye kiti — leo kamwita refa mwizi. Refa mwenyewe binti wa shule! Mishipa ya shingo imemtoka utadhani anabeba friji. Na si yeye tu: mzazi mwenzetu mmoja, daktari wa meno, alipanda juu ya benchi. Mechi ya wasichana wa miaka kumi na miwili! Binti yetu, golini, kafungwa mawili. Mimi sikufungua mdomo, si uwanjani si nyumbani. Mtu mzima hapayuki.

Jumatatu, 9 Machi
Ujumbe wa kocha kwa wazazi wote. Jumamosi kila mmoja atapewa pipi ya kijiti getini, aimung'unye mpaka mechi iishe. Atakayeitoa apige kelele, nje! Nimecheka hadi machozi. Baba watoto kanuna: ati yeye si mtoto. Nimemwambia dawa yake imepatikana.

Alhamisi, 12 Machi
Glavu za binti yangu nimezikuta kwenye takataka! Ati anaacha mpira. Huyu aliyekuwa akilala nazo! Nimempa baba yake vidonge vyake: umemharibia mtoto. Baba wa watu akalia, maskini. Binti kakubali kucheza mechi moja tu, aone.

Jumamosi, 14 Machi
Naandika ndani ya gari, nje ya uwanja.
Pipi nilishachukua, nyekundu. Kocha akanivuta kando: kipa kagoma kutoka chumba cha kubadilishia nguo, kuna mzazi hamtaki uwanjani. Nikasema, pole kocha, ngoja nikamwambie baba yake.
“Hapana, mama. Ni wewe.”
Mimi! Nisiyepiga hata makofi!
Ati mtoto kamwambia baba akishafoka yamekwisha, njiani wanataniana. Ila mama, timu ikifungwa, ananuna mpaka Jumatano. Anapakua chakula bila kumwangalia mtu. Mpira ukija golini, mtoto anaiwaza hiyo Jumatano.
Nimetoka ili acheze, lakini nimeumia. Nilidhani ule ni ustaarabu.
Kipenga kimelia zamani. Nasikia mpira ukipigwa, basi. Wazazi wote wana pipi mdomoni, hakuna wa kunijulisha kama kaudaka. Akitoka hapo getini itabidi mimi ndiye nianze kusema. Niseme nini? Geti la uwanja linafunguliwa —