Kitufe cha Ubavuni mwa Kompyuta ya Baba

Nyumbani,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto wazima? Na kile kikohozi kimekwisha, au unakipuuza kama kawaida yako? Sisi wazima wa mwili. Mama anakula, ila nyumba haijazoeleka tangu Baba atutoke. Mlango ukigongwa tu, moyo unanipasuka.

Najua umeninunia kwa kimya cha wiki tatu. Simu yangu ni ile ya kubonyeza, na kompyuta ya Baba ilikata mawasiliano ghafla. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Vumilia mwandiko.

Wiki moja kabla hajafariki, Baba alikurekodia salamu za sauti kwenye kompyuta yake. Kwa kuwa hukuwahi maziko, nilitaka nikutumie. Mchana mmoja nikazifungua nizisikilize kwanza: mshale unatembea, sauti hakuna. Nikadhani zimeharibika, nikalia peke yangu. Kesho yake mtandao nao ukapotea.

Nikamwita fundi, yule tunayemwita Miwani. Simu yake ilishika mtandao wa hapa nyumbani bila shida, kwa hiyo ubaya ulikuwa kwenye kompyuta. Akaizima na kuiwasha, wapi. Akakuta hata njia ya kuunganisha spika bila waya imekufa. Akasema vyote viwili vinategemea kadi moja iliyo ndani ya kompyuta. Akaichomoa, akaipangusa, akairudisha. Bado. Mwisho akapapasa ubavuni, akakuta kile kitufe kidogo cha kuzimia mawasiliano kimesukumwa nyuma. Nikaapa sijakigusa. Ninavyojua mimi, aliyekuwa akikigusa kitufe kile ni Baba tu.

Miwani akakisukuma, taa ikawaka. Akaweka wimbo wa kujaribia, hatukusikia kitu. Kwenye kioo pakaandikwa: Masikio ya Baba, imeunganishwa. Ndilo jina ulilolitia wewe, ulipomletea vile vifaa vya kusaidia kusikia. Mimi nilidhani tumemzika navyo. Miwani akasogeza kiti chake nyuma.

Mama akatoka chumbani taratibu, anavivua masikioni. Unamjua, masikio yake mazima, anasikia hata sukari ikichotwa jikoni. Kumbe anavichaji kila jioni na kuvivaa akijilaza mchana.

"Siku ile nilimsikia baba yenu," akaniambia. "Alikuwa anamwita mdogo wako. Nikaja nikazima kile kitufe, kama alivyonifundisha kila alipotaka kulala. Niliogopa nitaanza kumsubiri."

Miwani alifunga mkoba akaaga bila mzaha wake wa siku zote.

Kwa hiyo salamu zako ni nzima; sauti ilikuwa ikienda masikioni mwa Mama. Sijazituma, kwa sababu Mama amekataa mpaka bahasha hii ikufikie. Ipapase vizuri. Kimo kifaa kimoja, cha sikio la kulia. Cha kushoto amebaki nacho yeye. Anataka umsikie Baba mahali alipokuwa akikusikia wewe.

Shangazi anakusalimu sana, na jirani mshonaji anauliza kila siku utakuja lini. Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Kifaa kikifika kimezimika, usiogope. Kitie chaji, kiunganishe na simu yako, kivae, kisha utuambie tukutumie salamu. Mama ameahidi hatazima tena.

Ni mimi nikupendaye kuliko ninavyosema,
Dada yako.