Miche ya Nazaria Imevaa Soksi

San Isidro Juata,
Michoacán,
22 Juni 2025.

Mlima haukodishwi! Mkutano wa kijiji umewakataa watu wa parachichi, na aliyewashinda ni Nazaria, mwanangu niliyemzaa mwenyewe!

Mpendwa mdogo wangu Obdulia,

Nisamehe, nimeanza na kelele kabla ya salamu. Hujambo huko Kalifornia? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila nimechoka, mdogo wangu, nimechoka hadi kufurahi kunanichosha.

Unajua msitu ulivyoungua. Wazee walisema miche ya misonobari isipokuwa tayari mvua zikianza, mteremko wote ukodishwe, upandwe parachichi. Basi tangu mwaka jana nabeba maji, nabeba na udongo wa chini ya misonobari mikongwe. Nazaria anasema mna uyoga mdogo humo, unashika mizizi na kuitafutia maji. Kayasomea chuoni Morelia. Nani mwingine hapa kayasomea?

Tatizo kaka yetu Efrén. Alivyoona huruma, akaifunika nusu ya miche kwa matawi mpaka giza, akawa anaimwagilia kila asubuhi. "Hata punda hanyimwi maji hivi!"

"Mjomba, unaizamisha," mtoto akamwambia. "Bila jua haina chakula cha kuupa uyoga, na kwenye tope uyoga haupumui." Kaka akamcheka tu.

Leo mkutanoni, palepale penye miche, Wenceslao, yule mwenye hamu ya kukodisha, akanitania: "Delfina, bintiyo analima ukungu?" Nazaria aling'oa mche mmoja wa Efrén: mrefu, mnyonge, mizizi myeusi mitupu. Akang'oa wa kwetu, wa kivuli chepesi na maji ya kiasi: mfupi, mnene, mizizi imejaa nyuzi nyeupe.

"Jamani, huu umevaa soksi!" bibi Tomasa akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko, mikono ikainuka kukataa kukodisha. Wa kwanza kuinua alikuwa Efrén, kichwa chini.

Miche iliyopona inatosha mteremko wa juu tu. Wa chini tumepewa mwaka mwingine, kwa hiyo ndoo zinanisubiri tena. Mabega yangu hayajaambiwa.

Msalimie shemeji Ruperto na wanao. Mungu awafunike njiani, maana nawataka wote hapa, na viatu vya matope. Korunda, zile za unga wa mahindi, nitapika mimi, hata kama nimekaa kitini.

Tunapanda Jumapili, tarehe 6 Julai.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Delfina