Lenzi Moja na Handaki la Kibugu

Hapana Muthoni, usiuze ndama wako ununue lenzi tatu za kamera. Cucu, nyanya yako, anakusalimu, goti lake limepoa, anachuma majani chai akiimba.

Mimi babu yako, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, nilikuwa na kamera kuukuu na lenzi moja tu. Kule Kibugu familia moja ikataka picha ya wote pamoja. Wamekauka kama nguzo za boma. Nikarudi nyuma ili wote waenee pichani, nikarudi tena, mpaka pu! ndani ya handaki lililochimbwa kuzunguka kijiji. Wakacheka wote.

"Fundi, huko chini unapiga picha ya mchwa?" msichana mmoja akauliza.

Kumbe kutoka kwa hilo shimo wote wanaenea! Nikapiga wakiwa bado wanacheka. Huyo msichana ndiye cucu wako.

Sasa tuelewane: nunua lenzi moja ya mtumba, uje umpige cucu picha. Akiipenda, nauza beberu wangu, tununue ya pili.