Jua la Kwetu Hutangulia Kutua

Jumapili, 20 Julai 2025
Nimepika ugali wa watu sita tena. Sisi ni wawili! Abner, mume wangu, ameangalia sinia, kisha akaniangalia. Nusu imeenda kwa kuku. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha hesabu na Kiswahili, na sasa kugawanya sita kwa tatu kumenishinda.

Duke, mwanangu wa kwanza, yuko Nairobi, wale wengine wameolewa. Phanice, kitinda mimba wangu, ni muuguzi wa misheni huko Chad, kijiji ambacho hata jina lake linanipinda ulimi. Aliondoka Januari. Abner mwenyewe alisimama mbele ya kanisa akasema tumemtoa kwa kazi ya Bwana mwaka mzima. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema — kwa mdomo.

Kule hakuna mtandao, na simu yake iliingia maji. Ijumaa gari la zahanati likienda mjini kuchukua dawa, anapanda, anaazima simu ya yeyote, anatupigia. Saa kumi na mbili jioni. Tunaongea nusu saa hivi, kisha jua linatua na Abner anazima simu zote. Sabato ni Sabato. Hiyo nusu saa ndiyo wiki yangu.

Ijumaa, 25 Julai
Saa kumi na mbili — kimya. Na robo — kimya. Na nusu. Jua limeshuka nyuma ya mikaratusi. Nimemwambia Abner tungoje kidogo tu. Akasema, Mama Duke, jua halingoji mtu. (Mama Duke, Mama Duke! Tangu Duke azaliwe sijasikia jina langu kinywani mwake.) Ameitoa simu mkononi mwangu polepole, akaizima, akaiweka kwenye kikapu cha mlangoni. Humo ndimo simu zinalala Sabato, hata za wageni. Tukapiga magoti. Sijui niliomba nini.

Jumamosi, 26 Julai
Jua limetua, nimekimbilia kikapu. Meseji mbili, namba ngeni. Ya kwanza iliingia jana saa moja na dakika tano! Dakika ishirini tu baada ya kuzima! Mvua imeharibu barabara, gari linachelewa kufika. Naye Phanice anahesabu Sabato kwa jua la kule. Kule lilikuwa bado juu — saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa mbili. Amesahau kwamba la kwetu hutangulia. Mtoto wa mzee wa kanisa!

Ya pili nimeisoma mara nne. Malaria imemshika mara ya tatu. Jumapili tarehe tatu gari la mwisho linatoka, baada ya hapo barabara imefungwa mpaka Oktoba. Anauliza, nikae au nirudi? Nitafanya mtakavyosema. Nitapiga Ijumaa. Msiposhika simu, nitajua mmesema nikae.

Woi! Nimepiga ile namba mbio. Mwanamume, Kiarabu au Kifaransa, sijui. Amekata.

Abner amesoma, akavua miwani. Akasema mtu akishatoa haombi kurudishiwa. Nikamwambia hata Ibrahimu alirudishiwa wake. Ameenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshaangaliwa.

Jumatatu, 28 Julai
Nimeshuka mjini kwa Fardosa. Ana duka la vitambaa, amenikatia vitambaa vya sare za shule zaidi ya miaka ishirini. Ndiye rafiki ninayeweza kulia mbele yake bila kuombewa. Wale wa kanisani, ukitoa chozi moja tu, wameshafunga macho!

Akasema keti, Mwalimu, lete hiyo namba. Kiarabu chake ni cha madrasa. Salamu zilienda vizuri ajabu — afya, mvua, watoto — nikadhani amempata ndugu yake. Ilipofika habari yenyewe, wakapotezana. Fardosa anapaza sauti: Phanice! Binti! Muuguzi! Ijumaa, apige namba hii! Yule bwana akasema inshallah, basi, akakata. Nikauliza, ameelewa? Fardosa akasema, Mwalimu, inshallah ni inshallah.

Tukacheka, kisha mimi nikalia. Hakuniambia ninyamaze. Akasema Ijumaa simu yake itakuwa wazi, je, binti akipiga amwambie nini? Nikamwambia eti nirudi kwanza nikamuulize Abner. Mtu mzima kama mimi!

Jumatano, 30 Julai
Balaa juu ya balaa. Ijumaa hii zamu ya kufungua Sabato kwa maombi ni kwetu! Watu kama ishirini, sebuleni. Nimemwomba Abner wabadilishe. Akasema watu watasemaje. Watasemaje? Mtoto wako anaumwa! Nilipaza sauti mpaka Mama Ratemo wa jirani akaja na ndizi ambazo sikuomba, kuchungulia tu. Nikazipokea. Nikamshukuru.

Alhamisi, 31 Julai
Nimefagia. Nimemenya viazi. Sina nguvu. Nikisema arudi, nimemwaibisha baba yake mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, na malaria ya nne —
Siandiki hilo.

Ijumaa, 1 Agosti
Saa kumi na mbili na nusu. Nimempigia Fardosa nikiwa nyuma ya choo, kama msichana mwenye mchumba. Bado, Mwalimu, amesema. Wageni wameshafika. Kikapu kimejaa simu, yangu sasa nimeizima, iko chini kabisa.

Saa moja na dakika nane. Niko jikoni. Mwandiko huu hata mimi sitausoma. Tulikuwa tumepiga magoti wote, Abner anaomba, na simu ikalia. Si kikapuni. Mfukoni mwake! Koti la kanisani, mfuko wa ndani. Hakuzima ya kwake! Wiki nzima ananihubiria, kumbe!

Hakuinua kichwa. Aliongeza sauti, akawaombea wamisionari wa dunia nzima mmoja mmoja, jasho linamtiririka shingoni. Ikalia mpaka ikakata. Hakuna aliyefungua jicho. Nikainuka, nikasema uji unamwagika. Uji uko kwenye thamosi tangu saa kumi.

Sijui nimkasirikie au nimkumbatie. Alitaka kusikia sauti ya mtoto, basi. Kama mimi.

Inalia tena.

Anaomba bado. Kutoka hapa mpaka pale alipo ni hatua sita. Mama gani anashindwa na hatua sita? Lakini nitatiaje mkono mfukoni mwa mume wangu mbele ya kanisa lote, Sabato imeshafunguliwa? Mungu wangu, nisaidie. Na huko mtoto ameshika simu ya watu, anasikiliza, anadhani tumeshamjibu.

Abner amenyamaza katikati ya neno. Inalia.

Ananiita. Si Mama Duke, ni jina langu lenyewe. Kemuma, anasema. Kemuma.